Mistari Mitatu kwa Mama wa Balozi

Mwaka huu nimechoshwa na mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Alikuwa Mmarekani, mwanadiplomasia wa mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasimulia maisha yake maofisa wapya wanaoletwa kwangu kufundwa kazi za ubalozi. Alikuwa mtoto wa muuza duka katika nyanda za mahindi. Alianza kama karani wa ubalozi mdogo, katika bandari moja yenye joto na homa. Wenzake wengi walikuwa watoto wa matajiri, waliopewa vyeo kwa sababu baba zao walikichangia chama cha rais. Rais alipobadilika, walifungasha. Yeye alibaki, kwa kuwa bila yeye majalada hayakusogea. Vita kuu ilipozuka, nchi yake ikiwa bado haijaingia vitani, alitumwa kukagua kambi za mateka wa pande zote mbili. Aliionja supu yao, akayapapasa mablanketi yao, akaandika alichokiona bila kutia chumvi. Hatimaye akawa balozi. Hakukataa hata kituo kimoja alichopangiwa.

Sentensi hiyo ya mwisho niliipenda. Darasani niliitamka polepole, maana kizazi hiki huuliza kwanza habari za posho, ndipo kiulize kazi yenyewe.

Serikali ilipohamia Dodoma nami nikahama nayo, nikajenga Nzuguni, pembezoni mwa mji, na jioni nikaanza kukitafsiri kitabu cha maisha yake. Msomaji akichoka huruka kurasa. Mfasiri hana pa kurukia. Ndivyo nilivyofika, kwa kutambaa, mahali mama yake anapokufa. Amepewa mistari mitatu. Telegramu ilimkuta mwanawe akiwa kwenye mazungumzo ya mkataba, hakuweza kuondoka, mazishi yalisimamiwa na dada yake, ambaye hakuolewa na ndiye aliyemuuguza mama kwa miaka mingi. Mstari unaofuata umesharudi kwenye mkataba. Mara ngapi nilikuwa nimeipita mistari ile nikikimbilia sifa! Niliitafsiri kama ilivyo, nikaweka kalamu chini. Sikumhukumu. Meli za zama zake zilichukua majuma. Mimi, kutoka Nzuguni hadi kwetu Haneti, ni barabara ya lami.

Mimi pia nina dada, mkubwa wangu. Yeye ndiye aliyekaa na mama yetu Haneti katika miaka yote niliyokuwa ng'ambo na Dar es Salaam. Mama hasimami tena bila kushikwa. Macho ya dada nayo yameingia ukungu, na binti yake aliyeolewa Iringa alikuwa amempigia simu aende akatibiwe, kisha apumzike huko moja kwa moja. Juma hilohilo nikaitwa ofisini, nikaambiwa nimependekezwa kwenda Ulaya, kituo cha mwisho kabla ya kustaafu. Jibu lilitakiwa kabla ya juma lililofuata kuisha. Mmoja kati yetu wawili angeondoka, na mmoja angebaki na mama.

Jumamosi nilikwenda Haneti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kulala, au umekuja kutuonyesha suti?"

"Nimekuja kulala."

"Haya. Wewe hukurudi nyumbani, mdogo wangu. Serikali ndiyo iliyorudi, ikakubeba kwenye mizigo yake."

Mama alikuwa ameketi kwenye jua la asubuhi, ungo wa karanga mapajani, akimenya bila kutazama vidole. Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, kizito, na hukitumia kwangu kama watu wanavyotumia vyombo vya wageni.

"Dada yako ameniambia unakwenda Ulaya tena, baba."

"Sijakubali bado, mama."

"Mimi nimekubali. Kanisani wote nimewaambia."

Nikamwomba aje akae kwangu Nzuguni. Akaendelea kumenya.

"Kwako kuna ukuta mrefu. Nitamsalimia nani, ukuta?"

"Uamkie shikamoo," dada akasema. "Ni mrefu kuliko wewe."

Wakacheka wote wawili, na nikaona kuwa wanacheka hivyo kila siku nisipokuwepo. Ndipo nikasema nililokuwa nimelipanga njia nzima: kwamba nitakataa uteuzi, nitastaafu kwa hiari, umri ukiwa umeshafika; kwamba mke wangu hayupo tena duniani na watoto wanajitegemea, hivyo hakuna anayenizuia kuishi Haneti; kwamba dada aende Iringa kwa amani. Nilisema vizuri. Kazi yangu imekuwa kusema vizuri.

Dada hakustaajabu. Alianza kunihoji kama anayekagua mtumishi mpya.

"Utapika?"

"Nitapika."

"Mlenda unaujua, au unajua kuula tu?"

"Nitajifunza."

"Maji utachota?"

"Nitachota."

"Na kumwogesha?"

Mama akauweka ungo chini.

"Mtoto wa kiume aniogeshe mimi? Afadhali ninuke."

Hakuna aliyecheka. Kwetu mwana wa kiume hauoni mwili wa mama yake, na sijapata kusoma kitabu cha maadili kinachonishawishi kwamba desturi hiyo ni ya kipuuzi. Nilikuwa nimeitoa kazi yangu yote, nikadhani imetosha kununua uhuru wa dada yangu, kumbe bado alihitajika mwanamke. Ndivyo ilivyo kwa wanaume tunapoamua kuwa wema: tunafika tumechoka, tukiwa na hotuba, na maji ya kuoga yako palepale yanangoja mikono ya mwingine.

Siku mbili zilipita tukitafuta mwanamke wa kumwogesha. Mama alimkataa wa kwanza kwa kuwa ana umbea, na wa pili kwa kuwa mikono yake ni ya baridi. Akamkubali mjane mmoja jirani, mwimbaji wa kwaya, aliyeahidi kuja kila asubuhi. Nikapiga simu ofisini na kukataa. Waliniuliza kama naumwa.

Dada aliondoka Jumatano. Nilimbebea begi hadi barabarani.

"Usisubiri nikushukuru," alisema basi lilipotokea.

"Sisubiri."

"Unasubiri. Uso wako unasubiri." Kisha akanishika bega, kwa muda mfupi kuliko nilivyotaka, akapanda.

Kesho yake niliwasha moto, nikabandika maji, nikayabeba kwenye ndoo hadi kwenye ua wa bafu nyuma ya nyumba. Mjane alikuwa amekwisha kumwingiza mama. Nikaiweka ndoo nje, nikakohoa, nikarudi nyuma hadi ukutani na kugeuza uso. Mama alianza kusema kwa Kigogo, kwa sauti ambayo hakuwa na haja ya kuipandisha kiasi hicho: kwamba mwanawe aliitwa Ulaya akakataa, anadai ni kwa ajili yake, na nani alimtuma? Sasa Jumapili yeye mama atawaambia nini watu kanisani? Mjane akacheka. Mama akaendelea na malalamiko yake, maji yakimwagika.

"Baba," mjane akaita, "mama anasema haya yamepoa. Ongeza ya moto."

Nikarudi jikoni kuchochea kuni.