Aliyebaki na Mizigo

Wiki iliyopita mtu aliingia kwenye lifti ya kazini kwetu na mfuko wa mananasi yaliyoiva. Mlango ulipojifunga harufu ikatujaa sote, ile tamu yenye uchachu kwa mbali. Wenzangu wakaisifia. Mimi hasira zikanipanda hapo hapo, kabla sijajikumbusha kwamba yale yalishakwisha. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi, niko Dar kwa mara ya kwanza, na nimemnunia mama yangu.

Kwetu ni Kiwangwa, Bagamoyo, tunalima mananasi. Baba mdogo alikuwa mfanya usafi katika jengo refu la maofisi huko Posta, katikati ya jiji, na kila alipokuja likizo alitusimulia habari za lifti: unaingia kwenye kitu kama kabati, unasimama tu, mlango ukifunguka uko ghorofa ya kumi na mbili na bahari yote iko chini yako. Mwaka ule akatuahidi. Tuje Jumamosi, atatupandisha mwenyewe, ila tuwahi, maana saa saba mchana lifti huzimwa mpaka Jumatatu. Nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima. Kurudi bila kupanda lifti, heri ningehama shule.

Baba alitaka tuende moja kwa moja, mikono mitupu. Mama akamtazama kana kwamba amesema tusafiri bila nguo. Alikuwa ameshapanga mambo yake: tutapita Tegeta kumwamkia shangazi Tekla, dada yake baba, kisha Mwenge kwa Mama Sisti, jirani yetu wa zamani aliyehamia mjini. Kupita karibu na kwa watu bila kuwasalimia ni kuwadharau, alisema, na kwenda kuwasalimia bila chochote ni kuwadharau zaidi. Basi tukatoka asubuhi na mapema, mimi, wazazi wangu na mdogo wangu Petro, na vikapu viwili vya mananasi.

Nilijipa moyo kwamba mzigo utapungua njiani. Nilisahau kwamba kwetu mtu akikuletea kitu kwenye kikapu, humrudishii kikapu kitupu. Shangazi Tekla alipokea mananasi, akachemsha chai upya, akauliza habari za Kiwangwa nzima, mtu mmoja mmoja, na mbuzi pia. Tulipoinuka akakijaza kikapu: nazi, mchele, na sufuria kubwa kuukuu aliyoona itamfaa mama. Kwa Mama Sisti wali ulikuwa umeshainjikwa, na nani angethubutu kuukataa? Tukala taratibu, kwa adabu, huku mimi nikihesabu dakika. Mwishoni akatupa kigodoro cha mtoto kilichofungwa kamba. Nyumbani hatukuwa na mtoto mchanga.

"Mama, tutachelewa," nilimnong'oneza.

"Kwani jengo lina miguu?" akanijibu. "Tutalikuta."

Jengo tulilikuta, saa saba kasoro kidogo. Baba mdogo alikuwa mlangoni anatoka jasho. Mlinzi akavitazama vikapu, nazi, sufuria na kigodoro.

"Mizigo haiingii, mama," alisema kwa upole. "Na mimi siwezi kukulindia."

Baba akamtazama mama. Baba mdogo akatazama saa. Mimi nilimkazia mama macho ambayo mwanangu akinitolea leo, atanitambua. Mama akaketi juu ya kigodoro pale nje, ukutani, akavivuta vikapu karibu.

"Nendeni. Nitakaa na mizigo."

Sikumwambia hata pole. Nilikuwa nimeshakimbilia ndani.

Huko juu tulikaa kama dakika tano. Petro alilia tangu mlango wa lifti ulipojifunga, akaficha uso begani kwa baba mpaka tukashuka. Mimi niliganda dirishani, na kila baba mdogo aliposema "haya, tushuke," nilimlaumu mama moyoni: dakika hizi zililiwa na wali wa Mama Sisti.

Tulipotoka nje mama aliinuka, akajikung'uta kanga, uso umemchangamka.

"Haya, mwanangu. Umeona nini?"

"Hamna kitu," nikasema.

Hakuuliza tena. Akajitwika kikapu chake tukaondoka. Njiani nilimsikia akimuuliza Petro, ambaye alikuwa amefumba macho muda wote.

Nilipopata kazi mjini, baba mdogo, ambaye sasa amestaafu, alinicheka kwa kushangaa lifti. Akaniambia kwamba safari ile ni mama aliyeiomba. Kila alipokuja likizo, shemeji yake ndiye aliyekuwa anamuuliza kabati lile linapandaje, na bahari ukiwa juu ikoje. Ahadi alimpa yeye. Sisi watoto tulidandia tu. Siku aliyoniambia hayo nilikula chakula bila kukisikia ladha.

Mwaka jana nikamleta mama kazini kwangu. Nilimwambia aje na mkoba wake tu. Akaja na mananasi, mihogo, na kuku hai amefungwa miguu. Nilifoka njia nzima kutoka stendi, naye akatazama maghorofa kama haambiwi yeye. Mlinzi akamwona kuku, akatikisa kichwa. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta pa kukaa.

"Nenda, mwanangu, mimi nitakaa na..."

"Mama, simama," nikasema.

Nikamkabidhi mama kwa binti yangu Upendo, aliyekuwa amefuatana nasi, wapande lifti, nikaketi mimi kwenye ngazi, kuku mapajani, wakubwa wangu wa kazi wakipita na kunisalimia kwa mashaka. Walikaa juu nusu saa nzima. Kuku akaninyea sketi.

Aliposhuka hakungoja nimuulize. Alikaa kando yangu akaanza mwanzo: tumbo lilivyobaki chini lifti ilipoondoka, meli zilivyopanga foleni, maji yanavyobadilika rangi yakifika kwenye kina, na kwamba aliitafuta Bagamoyo hakuiona. Hakuruka kitu. Alijua vizuri kuliko mimi anachokingoja mtu aliyebaki na mizigo.

Kisha akamchukua kuku wake mapajani mwangu.

"Na wewe siku ile," akasema, "uliona nini?"

Nikamwambia. Zilikuwa dakika tano tu, lakini tulikaa pale kwenye ngazi mpaka watu wakaanza kutoka kazini.