Hadithi Arobaini na Moja za Ndinda

Ndinda alikuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu mwaka 2001 alinunua kompyuta kuukuu, akaiweka sebuleni kwake mjini Machakos. Mama yake alisimulia hadithi za Kikamba, yeye akachapa. Zilifika arobaini na moja, mama akafariki.

Baadaye feni ya kompyuta ikaanza kupiga kelele. Akampelekea Kyalo, fundi wa karibu na soko. Iliporudi, feni ilikuwa imenyamaza, lakini kila baada ya dakika kumi skrini iligeuka buluu, ikajaa maandishi meupe, kila kitu kikakwama.

"Hii iko na virusi, mama," Kyalo alisema alipoirudisha dukani. Akafuta diski yote bila kumuuliza.

"Na hadithi zangu?"

"Hadithi gani?"

Ndinda hakulia. Alirudi nyumbani, akaiwasha, na skrini ikawa buluu vilevile. Basi haikuwa virusi. Tena aligundua jambo: kila asubuhi mashine ilipoamka ilikuwa ikihesabu memori yake mpaka 128. Sasa ilikoma 96.

Aliazima kitabu cha kompyuta, akafungua kasha kwa bisibisi ya cherehani. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya memori. Akachomoa kimoja, akawasha: buluu. Akakirudisha, akachomoa cha pili: mashine ikafanya kazi mpaka jioni. Hicho cha pili kilikuwa cha memori kidogo, kibovu, na si chake. Kyalo alikuwa amechukua chake kizima, akaweka hicho.

Angeweza kwenda kumpigia kelele siku hiyohiyo. Akasubiri. Kanisani na sokoni alitangaza kwamba anakagua kompyuta bure, hasa zilizopita kwa Kyalo. Kila alipofungua moja na kukuta kipande kibovu, moyo wake ulichangamka.

Miezi minne baadaye, Jumamosi, duka likiwa limejaa wateja, Ndinda aliingia na watu sita nyuma yake, kila mmoja ameshika kipande chake.

"Mama, si tuongee huku nyuma?" Kyalo alinong'ona.

"Ongea hapahapa. Waambie wenye umeibia ni wangapi."

Wateja wakaanza kubeba mashine zao, mmoja mmoja. Kyalo akaomba msamaha.

"Rudisha hadithi za mama yangu, halafu nitakusamehe," Ndinda alimjibu.

Hakuwa na cha kurudisha. Kabla ya mwezi kuisha alifunga duka.

Ndinda alijaribu kuchapa upya. Alikumbuka tisa tu, na hata hizo zilikuwa na mapengo.

Mwaka uliofuata, jirani yake Pauline alirudi kutoka Masinga na habari. "Nimemwona yule fundi wako. Siku hizi anatengeneza redio. Amekonda, maskini."

"Watu wa huko wanajua alichofanya hapa?"

"Hapana. Wanampenda sana."

Ndinda aliweka kikombe chini, akauliza gari la kwenda Masinga hutoka stendi saa ngapi.