Mistari Minne kwa Waliozama Ubundu

Saa mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Makiso, katikati ya mji. Mbambu Kavira anashuka kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria kwa malipo, na kwenda moja kwa moja kwenye dirisha la karani wa mahakama. Karani anamsogezea daftari la kesi bila kuuliza.

Mbambu, mwenye miaka 41, hana kesi. Ni mkaguzi wa hesabu, na anatafuta humo majina ya kampuni anazozikagua.

“Zamani niliamini barua,” anasema. “Sasa ninaamini daftari.”

Machi mwaka jana alikuwa anamalizia ukaguzi wa kampuni moja ya usafiri wa mtoni, ambayo ameomba isitajwe kwa sababu kiapo cha kazi yake kinamfunga. Hesabu za mwaka uliofungwa Desemba 31 zilionekana safi. Ilibaki kuangalia yaliyotokea tangu siku hiyo, na kuulizia dhima tarajiwa, yaani deni ambalo bado halijawa deni, linasubiri hukumu.

Mkurugenzi alimpa barua yenye mhuri: kampuni haina kesi yoyote.

Lakini mji mzima ulijua kwamba Novemba boti ya kampuni hiyo, iliyojazwa kupita kiasi, ilizama karibu na Ubundu na kuua watu saba. Mbambu alipouliza, aliambiwa familia zilikwisha kupewa rambirambi na mambo yamekwisha.

Hakuridhika, akaenda mahakamani. Kesi ilikuwemo, imeandikishwa Februari: familia saba zikidai dola 84,000. Kwenye benchi la nje alimkuta Safiya, muuza samaki wa Mangobo aliyempoteza dada yake, Leila, kwenye boti ile. Ilikuwa mara ya tano anaambiwa arudi kesho.

“Balituletea mufuko moja ya muchele,” Safiya alimwambia. “Njo bei ya dada yangu hiyo?”

Mbambu alirudi kwa miguu hadi ofisini kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akamweleza kwa upole kwamba kesi ilifunguliwa Februari, mwaka umeshafungwa, kwa hiyo haihusu hesabu hizo. Mbambu akajibu kwamba boti ilizama Novemba, na waliokufa walikufa Novemba. Upole ukaishia hapo.

“Mama, benki inangojea hii ripoti,” alisema mkurugenzi, akisukuma bahasha mezani. “Unataka nini?”

“Mistari mine, papa. Boti ilizama. Watu saba walikufa. Familia zao ziko mahakamani. Zinadai kiasi hiki.”

Bahasha hakuigusa.

Hata bosi wake, Arsène, alimsihi alainishe maneno. Mteja huyo alileta theluthi ya mapato ya ofisi. Mshahara wa Mbambu, dola 380, ulikuwa umechelewa miezi miwili, na ana watoto watatu shuleni. Mbambu akamjibu kwamba maneno yakilainishwa, yeye ataliondoa jina lake kwenye faili. Siku ya nne, Arsène alikwenda kulisoma daftari mwenyewe, akarudi, akatia saini ripoti iliyosema wazi kwamba kampuni imeficha kesi.

Ilisomwa mbele ya wanahisa wote. Benki ikasimamisha mkopo, na wanahisa wakaamuru mistari ile minne iandikwe kwenye hesabu za kampuni. Hata hivyo mkurugenzi bado anakalia kiti chake. Waliofukuzwa ni wakaguzi: kampuni ilikatisha mkataba na ofisi ya Arsène.

“Mwizi wa kuku Mangobo analala ndani siku hiyohiyo,” anasema Mbambu, na sauti inapanda. “Aliyeficha maiti saba bado tunamwita Monsieur le Directeur.”

Kila mwezi anaweka kando dola 40 kwa ajili ya mtihani utakaompa haki ya kutia saini ripoti mwenyewe, asimsubiri bosi yeyote.

Hukumu ya kesi ya familia zile saba inatarajiwa mwezi ujao, na siku hiyo ameomba ruhusa kazini. Itasomwa kwa Kifaransa, lugha asiyoielewa Safiya. Mbambu atakaa kando yake, amtafsirie neno kwa neno.