Chupa ya Mama Mkwe

Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama miche ya pamba, ndipo akaja profesa wa figo na presha. Tulimwita Bwana Figo, mbele yake kabisa, naye anacheka. Alisema amepasua figo za mbuzi miaka mingi, sasa anatafuta za watu. Wanawake wakaanza kufunga milango mchana.

Mimi nimesoma darasa la pili, hilo silifichi, lakini nilikuwa na baiskeli. Basi nikapewa kazi ya kugawa chupa. Mtu anakojolea humo asubuhi mpaka asubuhi, halafu nazikusanya.

"We ng'wana," jirani ananiita, "baiskeli ya mahari ya dada yako ndiyo unabebea mikojo?"

Ikafika zamu ya mama mkwe. Kwetu Usukumani mkwe humtazami usoni. Ukimwona njiani unaingia porini. Mkojo wake nitaushikaje? Na yeye ndiye aliyekuwa akivimba uso kila asubuhi, macho hayafunguki. Walisema karogwa. Mpira wa presha alikataa kufungwa mkononi.

"Chupa ya mama huyu usiikose," Bwana Figo aliniambia. "Hiyo ndiyo itasema kama nimpeleke hospitali Bariadi."

Niliikuta kizingitini, imejaa, imefunikwa jani. Nyuma ya mlango nikasikia pumzi nzito. Alikuwa ananisubiri niichukue niende, naye ananionea haya.

Nikapita bila kuigusa. Nyumbani nikampa mke wangu chupa nyingine aijaze, nikamdanganya kwamba hesabu imepungua.

Profesa akapima, akafurahi. "Mkweo ana figo za msichana!"

Nikafunga chupa tupu kwenye baiskeli. Gari la kwenda Bariadi likaondoka bila mama mkwe.

Alikufa kabla hatujaanza kuchuma pamba. Siku ya tatu ya msiba nilipita pale mlangoni. Chupa ilikuwepo, imejaa. Na jani lilikuwa bichi.

Nikamuuliza mke wangu. "Mama alikuwa akilibadilisha kila asubuhi," akasema. "Eti mkwe wangu mwoga, lakini atakuja."

"Na tangu afe, nani analibadilisha?"

Akanitazama. "Si nilidhani ni wewe."

Safari hii niliibeba, kwa mikono miwili, mpaka kichakani. Ilikuwa na joto. Jua lile, nasema mimi. Ila kizingiti kile kinaangalia magharibi, na ilikuwa asubuhi.