Siku Papa Alipoinua Daraja

Harufu ya mbao zilizopasuliwa karibuni hunisimamisha popote nilipo. Hunirudisha kwenye Jumatano moja nilipokuwa na miaka tisa, siku ambayo shule za Brussels hufungwa mchana. Papa, yaani baba yangu, aliyekuwa akisafisha maofisi jioni, alinichukua kwa tramu kutoka kwetu Saint-Gilles hadi Auderghem, tukatembee ukingoni mwa msitu.

Huko, juu ya kijito, tulikuta daraja la zamani la mbao, lenye paa na kuta, kama nyumba ndefu iliyosahau milango. Ndani mlikuwa na giza na ubaridi. Niliinua macho. Magogo manene kuliko kiuno changu yalipanda na kushuka kwa mshazari, yakikutana juu na chini, pembetatu baada ya pembetatu, mpaka ng'ambo. Nilikwisha kuingia makanisa makubwa ya mjini, hayakunishtua hivyo.

"Angalia, maman," Papa alininong'oneza kwa Kiswahili cha tulikotoka; "maman", yaani mama, ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye. "Haina ata musumari moja. Miti inajishikana yenyewe. Carré inaweza anguka, lakini triangle, jamais. Uzito ikikuya, moja inasukuma, ingine inavuta." Mraba huweza kuanguka, pembetatu kamwe.

Katikati ya daraja, fundi mzee Mbelgiji alikuwa akihangaika peke yake. Alikuwa ametoa gogo moja lililooza, na jipya lilikataa kuingia. Aligonga kwa nyundo, akatukana, akagonga tena. Boriti aliyoiegemeza juu ya jeki ikalia mlio mrefu, na sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu.

"Sortez!" alitupigia kelele tutoke.

Mimi nilikimbia. Papa alivua koti, akachuchumaa penye jeki.

"Encore un peu, monsieur," alisema kwa upole. Bado kidogo.

Akaizungusha jeki polepole, kiganja kingine kikiwa kwenye boriti, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nilisimama nje nikimwomba Mungu lile paa lisimwangukie. Kisha akaitikia kwa kichwa. Mzee akagonga mara moja tu, na gogo likaingia mahali pake kwa kishindo kizito. Daraja zima likatulia.

Mzee akajifuta jasho, akamtazama vizuri. "Vous êtes charpentier?" Wewe ni seremala?

Papa alijifuta mikono kwenye suruali.

"Oui, monsieur," akajibu mwishowe. "Seize ans." Ndiyo, kwa miaka kumi na sita.

Ndani ya tramu alitazama dirishani njia nzima, macho yakiwa mekundu. Nilidhani ni vumbi.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu habari za lile daraja na pembetatu zake. Nilikuwa mtu mzima, nikitafuta kazi mimi mwenyewe, nilipoelewa. Tangu tufike Ubelgiji, watu walimuuliza Papa ametoka wapi, ana karatasi gani, anaweza kuanza saa ngapi. Yule mzee ndiye alikuwa wa kwanza kumuuliza yeye ni fundi wa nini.