Jioni Niliyomchora Mama

Harufu ya kalamu za nta imenipokea mlangoni leo, nikitoka kazini ghalani. Mwanangu anachora jikoni.

Ilinuka hivi nyumbani kwetu mjini Buffalo, ughaibuni, jioni moja ya utoto wangu. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba huko Ulaya, kwa karne nyingi, watu walichorwa wamekauka kama mbao, mpaka wakatokea wachoraji waliorudia elimu ya kale na kuanza kumtazama mtu vizuri kabla ya kumchora. Akatupatia picha ya zama hizo, Bikira Maria amempakata mtoto, tukainakili nyumbani.

Mama aliingia kutoka kiwandani Tonawanda, akainamia karatasi yangu na koti lake mwilini, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa:

"Bon, huyu mama atachoka mikono. Juu ya nini asimubebe mtoto ku mugongo?"

Nikamwambia ndivyo mwalimu alivyotaka.

"Mwalimu alisema mutazame mtu. Donc, nitazame mimi."

Akamfunga mdogo wangu mgongoni kwa kitenge, akaketi ukingoni mwa kiti. Nikachora kitenge, kisha ile mikono iliyopasuka kwa dawa za kiwandani. Nilipofika kwenye macho, yalikuwa yamejifumba. Sikumwamsha. Sikuwahi kumtazama mama muda mrefu hivyo. Nikamchora vilevile, amelala.

Sasa mwanangu ananivutia kiti.

"Kaa, mama, nikuchore," ananiambia kwa Kiingereza.

Nakaa, viatu vya kazi bado miguuni. Kalamu inakwaruza karatasi polepole, inakwaruza, halafu siisikii tena.

"Mama," anasema, "fungua macho."