Matanga ya Freha

Bassou alikuwa fundi wa matandiko ya nyumbu, na kibanda chake kilikuwa pale pale langoni mwa mtaa wa Wayahudi wa Demnat, mji wetu wa milimani huku Moroko, mahali ambapo huingii wala hutoki bila yeye kukuona. Mtu mnene, mbishi, mwenye mdomo wake. Kama hujawahi kutukanwa na Bassou kwa kumzidishia nyumbu mzigo, basi wewe si wa Demnat. Na katika mji mzima, mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha alikuwa Rabi Hananya Wizgan.

Rabi alikuja kila asubuhi akitoka kusali. Alikaa juu ya gunia la majani makavu ya kujazia matandiko, akapewa bilauri ya chai ya nanaa.

"Leo umetuletea nini, Rabi?" Bassou humuuliza. "Au umefuata chai ya bure tu?"

"Chai gani, haya maji ya moto? Nakunywa kwa kukuhurumia."

Basi watu hucheka, na mazungumzo huanza. Sisi Waislamu wa huku tulikuwa tukienda pale na mambo yetu: huyu kagombana na nduguye juu ya zamu ya maji, yule kamtangaza jirani sokoni kuwa mwizi. Rabi hakuhukumu mtu. Alisema tu vile vitabu vya wazee wake vinavyosema, kisha akaongeza, "Likikufaa lichukue, lisipokufaa liache hapo hapo kwenye gunia." Kwa mfano, alisema kwamba kwao mtu akimtahayarisha mwenzake mbele za watu, akamwona uso unampauka, huhesabiwa amemwaga damu yake. Bassou aliyasikia hayo, akaenda kumwomba radhi mchuuzi mmoja wa kuni ambaye yeye Bassou alikuwa amemwita punda sokoni. Mji mzima uliduwaa.

Lakini kilichomfunga Bassou kwa rabi hasa ni kifo cha mwanawe, Hammu, aliyekufa kwa homa akiwa bado mdogo. Watu walijaa nyumbani na maneno yao. Mungu kampenda zaidi. Utapata mwingine. Bora kafa kabla hajataabika. Wallahi, Bassou alitamani kuwapiga. Rabi naye alikuja, akavua viatu, akakaa chini ukutani, akanyamaza. Alikaa hivyo siku ya kwanza mpaka jioni. Siku ya pili Bassou mwenyewe ndiye aliyesema, bila kuulizwa, "Alikuwa anapenda zabibu kavu, yule."

"Hebu niambie," akasema rabi. Na hapo ndipo Bassou alipolia kwa mara ya kwanza.

Baadaye rabi alimweleza. Kwao anayekwenda kumfariji mfiwa hafungui kinywa mpaka mfiwa aanze. Asipoanza, mtakaa kimya. Na mfiwa akitikisa kichwa, ndiyo ishara kwamba amechoka, inukeni mwende zenu. Bassou aliishika adabu hiyo kuwashinda Wayahudi wenyewe. Kila penye msiba alikuwapo, kidole mdomoni, akiwakodolea macho wasemaji. "Kelele nyie! Mwenye msiba kasema neno? Basi?"

Mkewe, Ittou, alikuwa akimwambia, "Baba Hammu, siku moja nyumba ya mtu itaungua na wewe utangoja mwenye nyumba aseme."

Rabi alikuwa mjane, na mtoto alikuwa naye mmoja, binti, Freha. Freha alikwenda Marakeshi kushona nguo kwa shangazi yake. Mwaka ukapita. Kisha mchuuzi mmoja akarudi na habari: binti ameolewa na dereva wa lori, Mwislamu, jina lake Driss, na amesilimu kabla ya ndoa, na tumbo limeshakuwa kubwa.

Mtaa wa Wayahudi uliwaka moto. Wakati huo nusu ya watu walikuwa wanafunga mizigo kuhama nchi, wamejaa hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu. Yamin, muuza mahia, ile pombe yao ya tini, alisimama sinagogi akasema waziwazi, "Haya ndiyo matunda ya kukaa kibandani na Waislamu kila asubuhi! Amewapa elimu yetu, na wao wamemchukulia binti."

Rabi alishika shati lake kifuani, akalipasua. Akaenda nyumbani, akafunika vioo, akakaa chini. Akakaa matanga ya bintiye aliye hai. Kwao yapo hayo, anayetoka katika dini huliliwa kama maiti, ingawa si wote wanaokubali. Rabi mwenyewe huko nyuma hakuyapenda. Safari hii aliyafanya, kwa uchungu, na kwa sababu Yamin na wenzake walikuwa wanamtazama.

Katikati ya matanga hayo, mchana wa mvua, kijana mmoja aliingia kibandani kwa Bassou ameloa chapachapa. Ndiye Driss.

"Wewe ndiye rafiki wa rabi?"

"Ndiye mimi. Na wewe una ujasiri kuja hapa!"

"Mzee wangu, nitukane kesho. Freha yuko Tizgi, kijijini kwetu huko mlimani, kwa mama yangu. Uchungu umemshika tangu juzi na mtoto amekaa vibaya. Barabara ya Marakeshi imekatwa na maji, daktari hapatikani. Nimekwenda kwa Mama Tamu, mkunga wenu huyu wa Kiyahudi anayejua kugeuza mtoto tumboni. Amenifungia mlango."

"Amesemaje?"

"Amesema rabi ametangaza kuwa Freha amekufa, naye hazalishi maiti. Rabi akitoa neno moja tu, atapanda nyumbu saa hii hii. Neno moja, mzee. Mimi nikienda watanitoa kwa mawe. Nenda wewe."

Bassou aliitupa sindano yake, akatoka mbio bila hata kujifunika kichwa.

Sebuleni kwa rabi walikuwamo wanaume wapatao wanane, wamekaa kwenye mabenchi, na Yamin kati yao. Rabi alikuwa sakafuni, soksi tupu miguuni, shati limeachama kifuani, sahani ya dengu na mayai ya kuchemsha, chakula chao cha matanga, iko pembeni haijaguswa. Hakuna aliyekuwa anasema. Bassou akavua viatu, akakaa chini ukutani, kama rabi alivyokaa kwake siku za msiba wa Hammu.

Aliinua macho, rabi alikuwa ameinamisha uso. Akangoja. Aliwaza: nikisema sasa, mbele ya Yamin, nikitaja jina la binti huyu, nitampausha uso huyu mzee mbele ya watu wanaomsubiri aanguke. Na nitafungua kinywa kabla yake, mimi niliyewazomea watu wote wa Demnat. Nasubiri kidogo. Atasema. Akisema lolote, hata "mvua hii", nitamwomba tutoke nje.

Mvua ilipiga kwenye paa. Mtu mmoja akakohoa. Bassou alikuwa anatokwa na jasho kama anachimba kisima. Mara rabi akainua uso, akamtazama yeye, yeye peke yake, kwa muda mrefu. Sasa, Bassou akajisemea. Sasa atasema.

Rabi akatikisa kichwa.

Wote wakainuka. Bassou naye akainuka. Miguu ilimwinua yenyewe, ilivyokwisha zoea. Mlangoni kila mmoja aligeuka kusema maneno yao ya kumuaga mfiwa, na zamu yake ilipofika Bassou akasikia kinywa chake kikiyasema, kwa ufasaha, kama alivyofundishwa: Mungu akufariji pamoja na wote wanaoomboleza. Akayasema hayo juu ya binti aliyekuwa anapumua. Kisha mlango ukafungwa.

Driss alikuwa anangoja langoni. "Amekataa?"

"Hakusema kitu."

"Umemwambia?"

Bassou akatazama matope.

"Hukumwambia," akasema Driss. Hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu anayetazama mnyama asiyemjua, akamgeuza nyumbu wake, akaanza kupanda mlima.

Ittou ndiye aliyepiga kelele. "Mwanamke anakufa na mimba yake, na wewe umekaa kuonyesha adabu! Rudi! Rudi sasa hivi, ingia kwa teke!" Bassou akarudi. Kijana wa Yamin alikuwa kizingitini, akamwambia rabi ameaga watu mpaka kesho. Bassou angeweza kumsukuma; alikuwa na kifua cha kuwasukuma kumi. Akasimama kwenye mvua kwa aibu mpaka giza likaingia, akarudi nyumbani. Ittou mwenyewe alikwenda kumgongea Mama Tamu, akamwita kila jina baya alilolijua. Mama Tamu alilia nyuma ya mlango na hakufungua. "Neno la rabi," alisema. "Leteni neno la rabi."

Asubuhi Bassou hakungoja sala iishe. Alimkuta rabi peke yake. Na safari hii, jamani, rabi ndiye aliyeanza.

"Bassou, karibu ukae. Jana walikuja wengi. Wote wale walikuja kunipeleleza kama nalia sawasawa. Wewe tu ndiye uliyenifariji. Nilikuona umejaa maneno na umeyazuia kwa ajili yangu. Nikasema, angalau kuna mtu mmoja niliyemfundisha kitu."

Bassou akamwambia yote, kwa pumzi moja.

Rabi alitoka kwenye mlango ule bila viatu. Mfiwa hatoki nyumbani, lakini alitoka, akapita katikati ya mtaa anaita "Tamu! Tamu!" kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo. Mama Tamu alikuwa tayari amevaa, nadhani hakulala. Wakapanda mlima, mkunga juu ya nyumbu, rabi na Bassou kwa miguu, matope mpaka magotini.

Njiani rabi hakuwa na pumzi, lakini alisema hata hivyo. "Kwa nini, Bassou? Kwetu roho ya mtu ikiwa hatarini, amri zote huwekwa kando. Hata Sabato tunaivunja. Ungenitikisa mabega. Ungenitukana."

"Hilo hukuwahi kuniambia, Rabi."

"Ni jambo la kuambiwa hilo?"

Bassou akasimama, akageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na ungekuwa umeniambia, ingekuwaje? Nilikuta vioo vimefunikwa. Nilikuta mayai ya matanga. Ningesemaje, Rabi? Tafadhali tumwokoe maiti wako?"

Wakaendelea kupanda.

Tizgi ni nyumba chache za udongo zilizong'ang'ania mlima. Walipokaribia, Mama Tamu alisikia kabla yao kilio cha wanawake, akajifunika uso kwa shela yake. Driss alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya nyumba, mikono katikati ya magoti. Aliwaona na hakuinuka. Ndani maji ya kumwoshea Freha yalikuwa yanachemka. Mtoto naye alikuwa ameshafungwa sanda, yuko kando ya mama yake.

Mama yake Driss akaja mlangoni, mikono yote imelowa, akasimama kwenye kizingiti akiwatazama: mtu mnene anayelia, na mzee wa Kiyahudi asiye na viatu, miguu inatoka damu.

"Nani wewe?" akamuuliza mzee.

"Baba yake," akasema Rabi Hananya. "Mimi ni baba yake."

Mama yule akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Baba yake yuko matangani, mzee wangu. Freha mwenyewe alituambia jana, alipokuwa bado anasema. Alisema, msihangaike kumngoja, baba yangu amekwisha nizika."

Akarudi ndani kumwosha, na mlango akauegesha.